Mahali pa Magoti

Vendelín mpaka rangi alikuja na kikombe chake mwenyewe,
akaizunguka Jawa mara mbili bila kuigusa,
akasema: siku tatu, Drahomíra. Nipe siku tatu
na tangi hili litarudi utotoni.

Nikamwambia, kunywa kahawa kwanza.

Rangi yake ni ya cheri zilizopitiliza kuiva,
ila pande mbili, pale goti linapokumbatia chuma,
imekonda ikawa waridi, ikakonda tena ikawa kijivu,
na katikati ya kijivu, bati tupu,
jeupe kama mzizi wa ukucha.
Hayo ni magoti ya baba yangu, Ctibor, mtu mrefu:
miaka thelathini na moja, kiwanda cha vioo na kurudi,
suruali ya pamba nzito, mchanga umelala nyuzini,
msasa wa kuvaa.

Huku nyuma, karibu na kiti, mikwaruzo,
mifupi, imelala upande mmoja
kama nyasi baada ya mvua ya mawe.
Mama alisema kila Jumapili: geuza mkanda,
bizimu liende ubavuni.
Hakugeuza.
Kikulacho, ewe tangi, ki nguoni mwake akupendaye.

Mimi ni mfupi. Husogea mbele nishike usukani,
na magoti yangu hutua vidole vinne mbele ya yake,
ambako wekundu bado mzima.

Dawa nimezijaribu.
Nta: mvua iliviringika juu yake kama shanga,
suruali ikaila nta yote kabla sijafika Brno.
Kisha aproni ya ngozi, kazi ya Žofie mshona matandiko,
nzuri, vifungo vya shaba, harufu ya duka jipya.
Nilipoivua vuli ile nikakuta chini yake
mchanga umejikusanya kimya kimya, umesaga
kama kinu kilichofungiwa ndani.
Ulinzi nao una meno.

Kwa hiyo safari hii nimenunua plastiki,
nyembamba, angavu, ya kubandika,
ile ambayo petroli ikimwagika hulamba kingo zake
usipokuwa na kitambaa mkononi.
Nimeikata kwa mkasi wa kushonea,
nikanyunyiza maji ya sabuni,
nikasukuma viputo kwa kadi ya maktaba
iliyokwisha muda tangu nikiwa shule.

Vendelín ameweka kikombe chini.
Mwanamke wewe! Unafunika kidonda
na ngozi nzima unaiacha wazi?

Maana nilikuwa nimefunika kijivu tu,
lile bati, ule waridi, ile mikwaruzo ya bizimu,
umbo kwa umbo, hadi ukingoni,
ili goti langu lisije likafuta goti lake.

Na hapa mbele? ananiuliza, kidole hewani.
Hapa mbele, nikasema, bado sijafanya kazi.

Kiputo kimoja kiligoma kutoka.
Yeye akatafuta pini mfukoni.
Kiache, nikamwambia, kitatafuta njia.

Jioni nilivaa koti, nikapandisha zipu hadi kidevuni,
nikauzungusha mkanda, bizimu ubavuni.
Mama, umeona?
Nikapiga teke la kwanza. La pili. La tatu akaitika,
moshi wa buluu ukapita kati ya miplamu ya jirani.

Magoti sikuyafunika.