Kawia Ufike

Mama alinifunza: kawia ufike.
Leo nimesoma kwenye ubao wa ghala, karibu na birika la chai,
kwamba methali ya mama imepigwa faini.
Pauni milioni kumi na moja na ushei.
Mdhibiti kaandika kwa lugha yake ya kikarani:
lengo, asilimia tisini; lililofikiwa, sabini na moja;
sababu zilizotolewa hazikuridhisha.

Lorraine, msimamizi wetu, aliibandika karatasi kwa pini nne
kana kwamba ingetoroka.
Hakuna aliyesema neno. Nje, mvua ya Todmorden
ilishuka mshazari, kwa wakati wake,
haina anayeidhibiti.

Nazijua hizo asilimia zilizokosekana.
Niliziacha kwa mikono yangu, Jumanne, Jumatano,
zimefungwa kwa mpira, kwenye shubaka la chini,
maana amri ilikuwa vifurushi kwanza.
Kifurushi kina mwenyewe, ameshika simu, anafuatilia gari kwenye ramani.
Barua haina mdomo.
Viatu vya mazoezi, chakula cha paka, taa za Krismasi mwezi wa tisa,
hivyo vikapanda gari.
Barua zikabaki zinatazamana.

Mwisho wa njia yangu kuna ngazi sitini na nne.
Huko juu, hata gari la takataka halifiki,
anakaa Bi Enid Greenwood, mjane wa fundi wa mitambo ya kufuma.
Miaka sita nilimpelekea bahasha nyepesi,
nyepesi mno,
nikadhani ana mchumba bahili wa maneno.
Mwezi wa pili akanifichulia:
"Zilikuwa za majaribio. Ndani hamna kitu.
Kazi yangu ilikuwa kuandika siku zilipofika.
Nimeshastaafu, ndiyo maana nasema.
Mapema ungejua, ungenipendelea."
"Hata ningetaka, Bi Enid, nisingeweza."
Tukacheka, kila mtu kwa sababu yake.

Akanionyesha daftari. Imetumwa lini, imefika lini,
mwandiko wa mtu aliyewahi kumwogopa mwalimu.
Kumbe ndiye aliyetushitaki,
yeye na wenzake wa dirishani, kalamu mkononi,
na kila bahasha tupu iliyochelewa
ikajumlishwa na nyingine, zikawa mamilioni.

Ila ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu,
nje ya mistari ya jedwali:
*Hospitali, Halifax. Kliniki ya macho.
Miadi: Jumatatu, tarehe nne, saa tatu asubuhi.
Imefika: Alhamisi, tarehe saba.*

Hiyo haikuwa ya majaribio. Hiyo ilikuwa na kitu ndani.
Kwa hiyo haikuhesabiwa.
Jicho la kushoto sasa, anasema,
linaniona koti jekundu lisilo na kichwa.

Nilimuuliza Lorraine, faini inakwenda wapi?
Hazina.
Hazina iko njia ya nani?
Akanitazama, akarudi kwenye orodha yake ya zamu.
Mimi kazi yangu kupeleka. Nimepeleka meno ya bandia,
nimepeleka majivu ya mbwa, nimeyabeba kwa mikono miwili.
Wangenipa na hiyo milioni moja tu, yenye anwani,
ningezipanda ngazi zote bila kupumzika,
nigonge, niseme: tia sahihi hapa, Bi Enid.

Asubuhi hii alikuwa na barua moja.
Niliichomoa chini ya rundo kabla Lorraine hajafika,
nikaitia kifuani, ndani ya koti, isilowe.
Akaisogeza karibu na jicho la kulia,
akatafuta muhuri kwa kidole, kisha kalamu mfukoni mwa aproni.
Mazoea.
"Leo tarehe ngapi?" akauliza.
Muhuri ulikuwa wa siku tano nyuma.
Ningeweza kumdanganya; asingeona.

Nikamwambia tarehe.