Dukati Kumi

Kila Shaabani ikiisha, hapa Travnik,
nafunga karakana kabla ya adhuhuri
napima shaba, birika kwa birika:
za kahawa ya mtu mmoja, za watu wawili,
za arusi.
Mwaka huu nimeivuka nisabu
kwa gramu thelathini za dhahabu.
Nikashika kalamu kama mwizi ashikavyo kitasa.

Nikatoa deni la benki, la mashine ya kukunjia,
miaka tisa yote iliyobaki, kwa mstari mmoja.
Nikawa fukara. Nikacheka peke yangu.
Kukopa arusi, kulipa matanga, husema watu;
mimi nilikuwa nimepata arusi ya pili.

Imamu Senahid akaitazama karatasi,
akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya joho.
"Benki inakudai mwaka huu,
au inakudai hadi mjukuu wako aote ndevu?
Toa kilichoiva. Kibichi kiache mtini."
Nikarudi juu ya nisabu: gramu nne.
Gramu nne tu, na zaka nzima shingoni.

Njiani, penye daraja,
shetani akanikumbusha mahari.
Dukati kumi za Zumra, zilizoahirishwa
mbele ya mashahidi wawili, mmoja sasa marehemu.
Miaka thelathini na moja sijatoa hata moja.
Deni! Tena deni la haki, lenye mwandiko!

Nilimkuta akimenya vitunguu.
Nikampa habari njema, kwamba ananidai.
Hakuinua uso.
"Unakusudia kulipa?"
Mungu akijalia, nikasema.
"Mungu amejalia mara thelathini na moja."

Machozi yalikuwa ya vitunguu,
ndivyo alivyosema baadaye.
"Refik, deni usilokusudia kulipa si deni,
ni pazia. Na leo umelitundika
kati yako na mjane Almasa, asiye na kuni.
Sikuolewa niwe kitambaa cha dirisha.
Nilipe usiku huu, au usinitaje mbele ya imamu."

Chini ya kabati, ndani ya soksi ya marehemu baba,
zilikuwamo dukati sita.
Nikamhesabia. Moja ina tundu,
mama aliivaa shingoni siku alipoolewa.
Nilisita hapo. Zumra aliona nikisita,
akangoja, kisu mkononi.
Nikaiweka juu ya zenzake.

Akazimimina katika bakuli la maganda.
"Na bangili zangu," akasema, "nisabu imehamia kwangu.
Mwakani, Mungu akijalia, nitatoa mimi."
Kisha akaendelea kumenya.

Kesho yake nilibeba kuni hadi kwa Almasa,
theluji ikinifika magotini.
Haikuwa zaka; sikuwa tena na la kutozwa.
Sikuiandika popote.
Nilipogeuka kwenye kona,
Zumra alikuwa dirishani, pazia limefunguliwa,
ameninyooshea vidole vinne.