Rehani

Kasyupa aliniachia boksi hili
mwaka aliounguza klachi kwenye kilima cha Igawilo.
Alirudi kwa miguu, mvua mabegani:
Fundi, hela sina.
Shika hili, nikitoka Tunduma nitalikomboa.

Sikuuliza lina nini. Nilisikia tu ndani yake
kitu kinacheza kama karanga kavu.
Nikalipandisha rafuni, kati ya betri zilizokufa
na kalenda ya duka la mbolea.
Daftarini nikaandika: Kasyupa, klachi, elfu tisini.
Miaka kumi na mmoja.

Machi hii mvua haijatupa hata nafasi ya kuanika ovaroli.
Gereji haina hata baiskeli.
Gwakisa, kijana wangu wa spana, anapiga miayo
na Uyole nzima imejifunika ukungu kama mgonjwa.
Nikasema, lete lile boksi.

Kifuniko kimebaki nusu: kipande cha bahari,
bendera, mkono wa mtu asiye na mwili.
Karatasi ya maelekezo waliisoma panya,
wakaimaliza, wakaacha nukta zao.
Chini yake vijiti, vyembamba kama njiti za kiberiti,
uzi, vibati vya ukubwa wa ukucha,
na gundi iliyogeuka jiwe kwenye tyubu.

Mimi nimefungua giaboksi za Scania gizani,
tochi mdomoni, bila kitabu,
nikazifunga zikafika Lubumbashi.
Nikacheka.
Jioni ya tatu nikaacha kucheka.

Majina pia hatuna. Huku Uporoto
maji yanashuka tu, yana haraka, hayabebi mtu.
Basi uti wa chini tukauita chesesi,
mbavu zikabaki mbavu,
mbele boneti, nyuma bampa,
na ule mti mrefu, Gwakisa akaapa, ni ekzosi.

Usiku wa tano, nikiigeuza chesesi kwenye taa,
nikaona mbavu tatu zimegandishwa zamani.
Pembeni penseli, mwandiko wa dereva,
ule wa kujazia fomu juu ya usukani:
moja, mbili, tatu.
Halafu nne, na penye nne hapana kitu.

Kumbe alianza.
Wapi? Kwenye foleni ya mpakani,
siku ya ngapi bila kuoga,
gundi juu ya dashibodi, utingo akikoroma?
Na alikosea. Ile pana kaiweka mwanzo,
mahali ambapo hata mimi wa milimani
najua chombo kinatakiwa kuchongoka.

Nikachukua wembe nizibandue.
Wembe ukakaa hewani.
Nikaurudisha kwenye karatasi yake,
nikafuata mbavu zake zilivyo, kosa juu ya kosa,
mpaka boneti ikavimba
kama shavu la mtoto aliyeficha pipi.

Leo tumeishusha kwenye pipa la kutafutia pancha.
Maji meusi, harufu ya mpira.
Gwakisa kainama vile anavyoinamia tyubu,
macho yake yanasubiri povu.
Ikalala kushoto. Ikafikiri.
Ikainuka, si wima sana,
kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.
Povu moja likatoka kwenye bampa, likapasuka.
Tukasubiri la pili mpaka shingo zikauma.
Halikuja.

Kwenye benchi kimebaki kijiti kimoja chenye tundu.
Tumekijaribu kila mahali, kimekataa.
Gwakisa alitaka kukichokonolea sikio, nikampokonya.
Hajakaa kwenye kazi hii vya kutosha.
Ukishafunga injini na nati moja ikabaki mkononi,
usihangaike kuitafutia nafasi:
gari litarudi.

Nimekitia kwenye mfuko wa shati, pamoja na kalamu.
Lori likipunguza mwendo pale njia panda
nanyanyua kichwa.