Majani, Nusu Saa

Tabibu wa zahanati ya kambini, Naguru,
aliandika vidonge vyeupe, kimoja usiku,
kisha akageuza karatasi, akaongeza nyuma:
Majani. Nusu saa. Kila siku.

Nikadhani anasema chai.
Wiki nzima nikanywa chai,
ya rangi, bila sukari, jicho kwenye saa ya ukutani,
na honi bado zinagombana masikioni mwangu,
na kile kiatu kidogo cha shule, cha Kibuye,
bado kinavuka barabara peke yake
kila nikifumba macho.

Niliporudi alicheka hadi akavua miwani.
"Sajini Amongin, majani ya kukalia!
Yaliyo hai. Yanayoota."

Haya. Nikayasaka kama mtuhumiwa.
Hoteli moja mlimani ina bustani iliyochanwa kwa kitana;
mlinzi akaniuliza nimekuja harusi ya nani.
Uwanja wa gofu una kijani mpaka macho yanashiba,
una na seng'enge.
Kule bondeni, yalikokuwa mafunjo yakiinamiana,
malori yanamwaga kifusi, mwezi wa tatu sasa,
na kaloli mmoja amesimama juu ya kifusi,
upara wake juani, mabawa kama mikono nyuma,
mwenye nyumba aliyekuta
wapangaji wamehama usiku.

Mwisho nikayakuta kazini.
Katikati ya mzunguko wangu mwenyewe,
ninapoamuru magari mwaka wa kumi na moja huu,
pana duara la nyasi, upana wa vyumba viwili,
mti mmoja wa musizi, na bango la bati:
USIKANYAGE.
Bango hilo nalijua. Nimelitumikia.
Nimeamsha watu pale kwa ncha ya kiatu:
mama aliyekuwa ametoka kuzika,
mwanafunzi na bahasha yake ya matokeo,
na Kyeyune muuza chaja, mara nne,
kila mara akinijibu, "Afande, silali.
Nakitua kichwa kidogo tu. Kizito."
Nami: "Kakitue kwenu."

Saa saba na nusu Tumuhairwe akanipokea zamu.
Sikuvuka upande wa pili kama siku zote.
Nikaruka ukingo.
Nikakanyaga.
Nikakaa, na sketi yangu nyeupe ya serikali.

Sitadanganya: hakuna kilichotokea.
Magari yalizunguka, maana hiyo ndiyo kazi yao.
Chungu mmoja akapanda kifungo, akawaza, akashuka.
Chini ya nyasi palikuwa na ubaridi,
ule wa upande wa pili wa mto wa kulalia.
Nikagundua meno yangu yameumana,
tangu lini, sijui, tangu Kibuye,
nikayaachanisha.
Honi zilikuwapo. Zilikuwa kule.
Na kiatu kilikuja, kama kawaida yake.
Ila leo kilikaa majanini, kando yangu,
hakikuvuka.

Nililia, si sana, kofia usoni,
mji ukidhani afande anakwepa jua.

Nilipoiondoa, Kyeyune alikuwa amesimama pale,
nyaya zimemning'inia shingoni,
mguu mmoja ukingoni, mwingine kwenye lami,
akinisoma kama bango.
Sikusema karibu. Neno hilo
halijawahi kunitoka nikiwa na sare.
Nilisogea tu.
Akakaa, mbali kidogo, akakitua kichwa.
Hatukuzungumza. Jani la musizi
lilimwangukia begani, akaliacha.

Ijumaa kwenye paredi inspekta akaliona doa:
kijani, nyuma ya sketi,
limegoma sabuni, limegoma limau.
"Sajini, hii nini?"
Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikaigeuza.
Akaisoma. Akairudia, midomo ikicheza.
Nikaona, kwa mara ya kwanza, macho yake yalivyo mekundu,
ya mtu asiyelala.

"Chai?" akauliza.