Risasi Isiyolia

Lugha haikukosea kuzipa zote mbili jina moja:
ile itokayo mtutuni, na hii
anayoiyeyusha Mwinshehe kwenye karai
nyuma ya gereji, Vingunguti,
betri zimepasuliwa kwa shoka,
maji yake makali yanajitafutia njia kwenda Msimbazi.

Jioni hukung'uta shati mlangoni.
Tabia, miaka mitatu, humkumbatia magoti
kisha hulamba vidole.

Mimi ndiye niliyepima damu yake.
Sikuwa na la kumpa mama yake ila namba,
na namba haikumtisha. Akauliza,
"Kwani ina wadudu?"
Nikasema haina.
Akashusha pumzi.

Ningemwambiaje?
Kwamba seli ina mlango, na bawabu
aliyemzoea Kalsiamu, fundi wa mifupa, mtu wa kila siku;
risasi huja na kanzu ya Kalsiamu,
hubisha hodi, huambiwa karibu.
Ikiingia haikai ukumbini. Inapitiliza jikoni,
maana kila seli ina jiko lake,
inavuruga kuni, moto unatema cheche badala ya kuivisha,
cheche zinaunguza kuta,
mpaka seli yenyewe, bila ukelele,
inaifungua amri iliyozaliwa nayo
na kuanza kujikunja.

Hufa kwa adabu, seli.
Hujifunga vifurushi vidogo vidogo
asije jirani akachafuka;
jirani naye huvila, maziko yamekwisha.
Hakuna matanga. Hakuna wa kuuliza
marehemu alikuwa ametunza nini:
labda jina la shangazi,
labda njia ya kwenda chooni usiku.

Nikamwambia tu: shati lisiingie ndani.
Mnaweni. Mpe maziwa, mpe dagaa,
mlango ujae wageni wa halali.
Akaitikia kama mtu anayehesabu bei ya maziwa.

Jumamosi nilipita kwao.
Mwinshehe alinipa kigoda, mkono akanipa kifundo,
kiganja kilikuwa cheusi.
"Nikiacha karai," alisema, "hao dagaa nawavua wapi?"
Sikuwa na jibu. Maabara haifundishi hilo.

Uani Tabia alipanga vizibo vya soda:
moja, mbili, tatu, tano.
Akarudia. Moja, mbili, tatu,
tano.

Watoto wa umri ule wote huiruka nne.
Nilijiambia hivyo hadi barabarani.