Daftari la Mraba

Jumamosi, saa nane, ukumbi wa kanisa Kariobangi Kusini.
Viti vya plastiki, vingine vina ufa.
Nje mashine ya kusaga inanguruma
na kuleta vumbi jeupe hadi kwenye ubao wangu.
Naandika: PESA ILIYOINGIA. PESA ILIYOTOKA.
Mstari wa katikati nimeuchora kwa rula ya Nyaboke,
mwenye miaka tisa, na ndiye pekee aliyekuja na rula.

"Andikeni kila kitu," nasema. "Hata sukuma ya kumi.
Hata njugu."

Mzee Musembi anainua kiganja taratibu, kama anayezuia lori.
Miaka thelathini na mmoja alifungua na kufunga
geti la kiwanda cha sabuni.
"Mwalimu, tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba.
Changu nilikijaza.
Siku ya kustaafu nikakigeuza juu chini, nikaona tundu."
Tundu lina majina: harusi ya mpwa,
ploti ya Joska iliyokuwa na wenyewe wanne,
na kila jirani aliyenusa kwamba kiinua mgongo kimeingia.
Anayaandika yote upande wa kulia.
Mkono unatetemeka, tarakimu zimesimama wima.

Oduk anacheka. Oduk wa bodaboda, ishirini na mbili,
simu mbili: moja ya abiria, moja ya mechi.
"Mimi pesa yangu haikai hadi niiandike."
"Jana ulipata ngapi?"
"Elfu moja mia nne."
"Ukalala na ngapi?"
Mashine nje inanyamaza, kana kwamba nayo inangoja.
"Sitini," anasema.
"Na timu moja iliyoniangusha dakika ya tisini."

Mama Ndinda, muuza nguo za watoto Gikomba,
haandiki. Anahesabu kwa vifungo.
Cheusi ni mtaji, cheupe ni faida,
na chekundu ni pesa ya chama:
"Hii haijui msiba, haijui sikukuu.
Hii ni ya Alhamisi, basi."
Anavimwaga mezani, vinatawanyika, anavipanga.
Hapo sifundishi. Nakaa, nanakili.

Kisha mikopo ya simu. "Huja usiku wa manane," nasema,
"hauulizi mdhamini, hauulizi hata jina la baba.
Siku ya nane unampigia bosi wako, shemeji yako,
na fundi aliyewahi kukutengenezea kitasa."
Wanacheka wote, kicheko cha watu waliopigiwa.

Ndipo Nyaboke, bila ubaya,
akipangusa rula kwa sketi:
"Mwalimu, na daftari lako liko wapi?"

Limo mkobani, chini ya leso.
Ukurasa wa mwisho wenye wino ni wa tarehe tisa Machi,
wiki aliyolazwa mama. Niliacha kuhesabu
kwa kuwa kila tarakimu ilikuwa kama kumwambia
kwamba anagharimu.
Tangu hapo mikopo mitatu, mmoja ukilipa mwingine,
kama mtu anayechota maji ya mafuriko
chumba hiki akiyamwaga chumba kile.

Ningeweza kusema nimelisahau nyumbani.
Nalitoa.

Hakuna anayesema pole, nashukuru.
Mzee Musembi anasogeza kiti.
Oduk anaizima simu ya pili;
hapana, anaigeuza tu uso chini.
Mama Ndinda anaangalia Machi, Aprili, Mei, mraba kwa mraba,
weupe mtupu, anasema:
"Usirudi kule. Anza na leo."

Nyaboke anachora mstari.
Unapinda kidogo pale meza ilipopasuka.

Leo. Chaki, kumi na tano.
Chai ya rangi, kumi.
Deni:
naliandika neno, naacha nafasi,
nakohoa,
naijaza nafasi.

Nje mashine inaanza tena kusaga.