Gamba

"Piga goti," asema Mwajabu.
Nyuma ya turubai, Bagamoyo,
joto na harufu ya gundi.
Gamba la kobe: waya, gunia, sifongo ya godoro kuukuu
na vyuma vya baiskeli ya marehemu babake.
Kilo kumi na nane. Tulilipima kwa muuza mkaa.

Mkono wa kulia kwanza. Wa kushoto huo, ulegeze.
Mkanda aufunga kifuani
kwa fundo la mbeleko:
"Mtoto hafungwi kama kuni, Kondo.
Vuta pumzi. Haya, inuka."

Nikainuka.
Saa nzima nilikuwa kobe,
watoto wa shule wakicheka kila nilipokwama mlangoni.
Jasho halikuigiza.

Kisha fundo likafunguka kwa kidole kimoja.
Gamba likakaa chini,
bado limeshika umbo la mgongo wangu,
nami nikayumba,
nikaenda kunawa nimeinama
kwa mzigo uliokwisha shuka.

"Simama wima, wewe!"
Mwajabu akacheka, akilipangusa kwa khanga
polepole, kuanzia shingoni.

Nyumbani, Magomeni,
nililala kifudifudi.
Nilichelea kulivunja.